Jinsi ya kupima joto la kapsuli inayorudi duniani kutoka kwenye asteroidi

Wakuu, hii kitu nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niiandike yote sehemu moja. Kapsuli, yaani kile kichombo kidogo kinachobeba mzigo, inarudi na mchanga wa asteroidi, yaani mwamba unaozunguka jua, inaingia angani kwa kilomita 12 kwa sekunde, inawaka kama kimondo, alafu kesho yake mnasoma kwamba joto lilifika nyuzi 2,900. Sasa nani alipima, na alipimaje, wakati kwenye kapsuli nyingi za aina hii hamna hata sensa moja (kihisio cha kupimia) iliyokaa kwenye ngao ya joto? Ukweli ni kwamba hakuna anayechomeka kipima joto pale mbele. Unaita mashahidi. Kuna mwanga, kuna ngao yenyewe ikishatua, kuna sauti, na kila shahidi ana sehemu yake anayodanganya, kwaiyo kazi kubwa ni kujua anadanganya wapi kabla hujaanza kumuuliza.

Mifano ntakayotumia ni ya kweli na ndo hii. Stardust ya NASA ilirudi tarehe 15 Januari 2006 ikashuka Utah kule Marekani, yenyewe ilitoka kwenye nyota mkia sio asteroidi, ila ndo iliyotufundisha kazi, na iliingia kwa kilomita 12.9 kwa sekunde. Hayabusa ya Wajapani ilirudi 13 Juni 2010 ikitoka asteroidi Itokawa, ikashuka Woomera kule Australia. Hayabusa2 ikaleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu Disemba 2020, hapohapo Woomera. OSIRIS-REx ya NASA ikashusha mzigo wa asteroidi Bennu Utah tarehe 24 Septemba 2023, gramu 121.6. Kapsuli za Wajapani ni ndogo mno, upana sentimita 40 tu, za Wamarekani zina kama sentimita 81 na kilo 46. Vitu vidogo hivyo ndo tunavifukuzia na kamera.

Anza na hesabu, kamera baadae

Najua watu wanapenda kuanza na vifaa. Usianze na vifaa. Usipojua unategemea joto kiasi gani na kwenye kimo gani, hutajua useti kamera vipi wala uelekeze wapi, na tukio lenyewe halina marudio.

Kwanza tutoe hili kichwani: joto lile sio la msuguano kama unavyosugua viganja. Kapsuli inakuja kasi kuliko hewa inavyoweza kukimbia njiani, hewa inabanwa mbele yake mpaka inakua plazma, yaani gesi ya moto mno inayong'aa. Ukijaza upepo tairi la baiskeli ukashika chini ya pampu unakuta pana moto, ni kitu hichohicho, ila hapa pampu inasukumwa na kilomita 12 kwa sekunde. Ile plazma inaichoma ngao kwa njia mbili, kwa kuigusa na kwa kuimulika. Kwa vikapsuli hivi vidogo ile ya kugusa ndo kubwa, na kuna fomula fupi ya Sutton na Graves ya mwaka 1971 ambayo mpaka leo wahandisi wanaitumia kwa makadirio ya haraka. Chukua uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, gawanya kwa nusu kipenyo cha pua ya kapsuli kwa mita, toa kipeuo cha pili, zidisha na kasi kipeo cha tatu, alafu zidisha na 0.000174. Unapata wati kwa mita ya mraba.

Tufanye pamoja. Kimo cha kilomita 60 hewa ina kama kilo 0.0003 kwa mita ya ujazo. Pua ya kapsuli kama ya Stardust ina nusu kipenyo cha mita 0.23. Kasi tuseme imebaki mita 11,000 kwa sekunde. 0.0003 gawanya kwa 0.23, kipeuo chake 0.036. 11,000 kipeo cha tatu ni trilioni 1.33. Zidisha vyote na 0.000174 unapata kama milioni 8.4, yaani wati 840 kwa kila sentimita moja ya mraba. Chukua pasi ya umeme unayonyoshea nguo, moto wake karibu wote ubane kwenye eneo la ukucha wa kidole. Ndo hapo.

Ona na kitu kingine kwenye fomula: nusu kipenyo cha pua kiko chini, unagawanya nacho. Maana yake pua butu inapata joto KIDOGO kuliko pua kali. Watu wengi hili linawagomea kichwani sababu tumezoea ndege na risasi ambazo ni kali mbele. H. Julian Allen ndo aliliona hili miaka ya 50 mwanzoni, kwamba umbo butu linasukuma lile wimbi la mshtuko mbali na mwili, joto kubwa linabaki kwenye hewa linapita pembeni. Ndo maana kapsuli zote hizi zimekaa kama sahani au kama uyoga.

Sasa geuza wati ziwe nyuzi joto. Jifanye ngao inarudisha joto lote kwa kung'aa tu. Chukua ile milioni 8.4, gawanya kwa 0.9, ambayo ni uwezo wa mkaa kung'aa, gawanya tena kwa 0.0000000567, namba ya fizikia isiyobadilika, toa kipeuo cha nne. Inakuja kama kelvini 3,580, sawa na nyuzi 3,300 za Selsiasi. NASA kwa OSIRIS-REx walikua wanataja kama 2,900. Hesabu yetu imezidi, na ni sawa kabisa izidi, maana ngao hairudishi joto kwa kung'aa peke yake, inaungua, inatoa gesi, gesi zinaisukuma plazma isigusane vizuri na uso, na uso wenyewe unaliwa taratibu ukiondoka na joto lake. Kwaiyo hiyo namba yako ichukulie kama dari. Ukija kupima mwanga ukapata kelvini 4,500 ujue umepima plazma, hujapima ngao.

Kitu cha mwisho kwenye hesabu, na hiki kiandike mahali. Kapsuli inayoingia bila kuelea, ikishuka kwa pembe isiyolala sana, joto kali zaidi linapiga kasi ikiwa imeshuka mpaka kama asilimia 85 ya kasi ya kuingilia, na breki kali zaidi inapiga kasi ikiwa asilimia 61. Yaani joto linatangulia, breki inafata. Kwa kapsuli kama hizi joto la juu linaangukia kwenye kilomita 60 hivi kwenda chini kidogo, breki kama kilomita 50. Elekeza kamera kwenye kimo cha joto. Nimeona watu wanaelekeza sehemu itakayotua, pale kapsuli inafika ikiwa imeshapoa inaning'inia kwenye parachuti, utapiga picha nzuri ya parachuti basi.

Shahidi wa kwanza: mwanga

Hapa ndo kuna utamu, ntakaa kidogo.

Stardust haikua na sensa za joto kwenye ngao. NASA wakachukua ndege yao ya DC-8, wakaijaza kamera na vipima rangi za mwanga madirishani, wanasayansi wakiongozwa na Peter Jenniskens, wakaruka usiku ule kuisubiri. 2010 wakaipeleka ndege hiyohiyo Australia kuisubiri Hayabusa. Ndege inasaidia kwa vitu viwili, mawingu yanabaki chini, na mvuke wa maji ambao unameza infraredi (mwanga ulio nje ya nyekundu, macho hayauoni) nao unabaki chini. Sisi hatuna DC-8 ila kanuni hazibadiliki ukiwa chini na kamera yako ya kawaida.

Unahitaji kamera inayotoa faili ghafi, lenzi ya milimita 50, na gratingi, ile karatasi angavu yenye mistari mingi midogo inayotawanya mwanga kama upinde wa mvua. Chukua ya mistari 300 kwa milimita, iweke mbele ya lenzi. Huhitaji kijitundu chembamba kama kwenye vipima rangi vya maabara sababu kapsuli kutoka mbali ni nukta tu. Kwa vipimo hivyo mwanga wa sodiamu wa nanomita 589 (nanomita ndo kipimo cha rangi ya mwanga, kila rangi ina namba yake) utaangukia kama milimita 9 pembeni ya nukta yenyewe kwenye sensa ya kamera, unaenea vizuri kwenye sensa kubwa. Zungusha gratingi ili rangi zitawanyike kukatisha mwelekeo wa kapsuli, sio kufata mwelekeo wake. Ukikosea hapo rangi zote zinapakana juu ya mkia na hamna cha kuokoa.

Alafu faili ghafi ni lazima. JPEG inapindisha mwanga ili picha ipendeze macho, na sisi tunataka namba sio kupendeza. Na usiache pikseli zijae mwanga mpaka mwisho. Hili ndo lililoniuma mimi zaidi kuliko yote, nilikesha usiku mzima nasubiri vimondo kufanya mazoezi, kikaja kimoja kikubwa kimekatisha katikati kabisa ya fremu, nimekuja kufungua kwenye laptopu katikati yote ni nyeupe tupu, hamna namba ndani yake. Pikseli iliyojaa haikwambii chochote, haijalishi picha ni nzuri kiasi gani. Dawa ni kamera mbili, moja useti ya kawaida na ya pili uishushe mwanga mara nane. Mwanzo kapsuli ikiwa hafifu unatumia ya kwanza, ikifika kwenye kilele unahamia ya pili.

Sasa kusoma joto. Ngao ikiungua inakua mkaa, na mkaa unang'aa kwa mpangilio unaojulikana, moto ukizidi rangi inahama kutoka nyekundu kwenda kwenye nyeupe, kama mkaa wa jiko ukipulizwa. Chagua sehemu mbili za rangi, pima mwanga wa kila moja, gawanya. Mi natumia nanomita 640 na 800. Mwanga wa 640 gawanya kwa mwanga wa 800: ukipata 0.505 uso una kelvini 2,500, ukipata 0.682 ni 3,000, ukipata 0.749 ni 3,200. Uzuri wa kugawanya ni kwamba umbali unajifuta wenyewe, na ukubwa wa kapsuli unajifuta, huhitaji kujua hata kimoja. Ubaya wake ni kwamba ukikosea uwiano kwa asilimia 5, pale kwenye 3,000 umekosea kama kelvini 100. Kwaiyo majibu yako yaandike na kosa lake pembeni, usiandike 3,047 kama vile una uhakika na ile 7.

Kwanini 640 na 800? Sababu plazma nayo ina mistari yake ya mwanga ambayo haihusiani na joto la ngao, na hapa ndo shahidi anadanganya. Oksijeni inapiga mstari mkali kwenye 777 na mwingine 845, naitrojeni inapiga karibu na 746, 821 na 868, sodiamu 589, potasiamu 766 na 770, hidrojeni 656. Ukipima juu ya mstari unapata mwanga mwingi wa uongo. 640 na 800 ni vichochoro viwili ambavyo vimetulia kidogo.

Na kuna mtego mwingine ambao hauandikwi sana. Gratingi inarudia rangi mara ya pili, mwanga wa nanomita 400 kwenye marudio ya pili unaangukia palepale pa 800 ya mara ya kwanza. Kapsuli za kaboni zinatoa mwanga wa zambarau mkali kwenye 388, unatoka kwa kaboni ya ngao ikiungana na naitrojeni ya hewa, na marudio yake yanaenda kukaa 776, karibu kabisa na oksijeni. Utaona mstari mnene utasema oksijeni imezidi, kumbe nusu yake ni zambarau iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Weka kichujio cha njano mbele ya lenzi kinachozuia kila kitu chini ya 450 hivi, umemaliza. Kama unataka na ile 388 yenyewe, maana nayo ni dalili nzuri kwamba ngao inaliwa, tumia kamera nyingine bila kichujio.

Jambo lingine, kamera nyingi za dukani zina kioo ndani kinachozuia infraredi, kwaiyo 800 huipati. Kamera za ulinzi zile za CCTV zikiwa kwenye hali ya usiku zinapitisha, au fundi anaweza kukutolea hicho kioo.

Mistari ya mwanga isikufanye uone ni adui tu. Kwenye Stardust waliona zinki na potasiamu mwanzoni mwanzoni, alafu vikapotea. Ilikua rangi nyeupe iliyopakwa juu ya kapsuli kuikinga na jua huko angani, ilikua inaungua na kuisha. Mi hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka, ukiwa ndani ya ndege mbali huko unaona rangi inabanduka kwenye kitu cha sentimita 81, na hapohapo una alama ya muda, kwamba kabla ya hapa uso ulikua rangi, baada ya hapa ni ngao tupu, ndo uanze kuamini vipimo vya mkaa.

Kalibresheni (kuifundisha kamera vipimo), na hapa siwaachii

Kamera haijui nanomita wala haijui kelvini, wewe ndo unaifundisha, na unaifundisha kabla na baada, sio kabla tu.

Kwa nanomita tumia taa ya enajisava, ile ya kujikunja yenye zebaki ndani. Ifunike na kibati chenye tundu la sindano, iweke mbali, piga picha kupitia gratingi. Mistari ya zebaki iko 436 na 546, hiyo haibadiliki popote duniani. Kama mtaani kwenu bado kuna zile taa za njano za barabarani za sodiamu basi una na 589 bure. Ukishakua na mistari mitatu unachora mstari unajua kila pikseli ni nanomita ngapi.

Kwa nguvu ya mwanga unahitaji kitu chenye joto linalojulikana. Balbu ya halojeni ya gari inawaka kwenye kelvini 3,000 mpaka 3,200 hivi, na huo ni ukanda uleule wa ngao, bahati iliyoje. Weka betri iliyojaa, subiri itulie, piga picha kwa lenzi ileile, gratingi ileile, kichujio kilekile. Ukipata uwiano wa 640 kwa 800 tofauti na unaotakiwa, hiyo tofauti ndo tabia ya kamera yako, gawanya nayo kila kitu kuanzia hapo. Alafu usiku wenyewe piga na nyota inayong'aa, Sirio kwa mfano, ikiwa kimo sawa na njia ya kapsuli, maana hewa ya karibu na upeo inakula bluu zaidi kuliko nyekundu na inakufanya uone kapsuli imepoa wakati haijapoa.

Hayabusa ya 2010 ilikua na tatizo lake la peke yake. Chombo mama hakikuweza kukwepa, kiliiachia kapsuli masaa kama matatu kabla kikaingia nayo angani, kikapasuka vipande vipande kinawaka kuliko kapsuli yenyewe. Kapsuli ilikua ile nukta ndogo iliyotulia, mbele na chini kidogo ya yale mafataki. Waliokua na lenzi pana walipata mwanga wa vyote umechanganyika. Waliokua wameshapiga hesabu ya njia walijua nukta ipi ni ipi. Hayabusa2 yenyewe iliiachia kapsuli ikiwa kilomita 220,000 kutoka duniani alafu ikageuza ikaenda zake kazi nyingine, kwaiyo kapsuli ilikuja peke yake, anga safi, wakazi wa Coober Pedy na wageni waliiona mstari mmoja mzuri.

Shahidi wa pili: ngao yenyewe

Ukipata nafasi ya kuweka sensa ndani, mfano mzuri uko Mars. Chombo cha Curiosity kilichotua Agosti 2012 kilikua na vizibo saba kwenye ngao, kila kimoja kina termokapo (waya za kupimia joto) nne kwa kina tofauti, ya juu kabisa kama milimita 2.5 kutoka usoni na ya chini karibu milimita 18. Ngao ni PICA, nyuzinyuzi za kaboni zilizoloweshwa resini ya finoli, familia ileile ya Stardust na OSIRIS-REx. Hapo hupimi joto la usoni, unapima linavyofika ndani kwa kuchelewa, alafu unapiga hesabu kurudi nyuma kujua usoni palikua na nini. Hayabusa2 nayo ilibeba moduli ndogo ya kupima mazingira ya safari ya kushuka ndani ya kapsuli.

Hii unaweza kuifanya nyumbani na nakushauri uifanye, haina gharama kubwa. Chukua kipande cha mbao ngumu, kinene kama sentimita 4. Termokapo aina ya K tatu, vibao vitatu vya MAX6675 vya kusoma termokapo, na Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kurekodi. Toboa kutokea PEMBENI, sio kutokea nyuma, weka ncha kwenye kina cha milimita 3, 6 na 12 kutoka uso utakaouchoma. Hiyo ya pembeni nimeiandika kwa herufi kubwa sababu waya wa termokapo ni chuma, unapitisha joto kuliko mbao, ukiuingiza kutokea nyuma moja kwa moja unanyonya joto kwenye ncha yake na kupeleka nyuma, inasoma chini ya ukweli. Waya ukilala sambamba na uso kwa sentimita kadhaa, urefu wote wa karibu na ncha una joto moja, hamna cha kunyonya. Jaribio langu la kwanza nilitoboa nyuma, grafu ilitoka laini inapendeza, na yote ilikua chini. Nilipotoboa pembeni ndo nikaona.

Fanyia nje, ndoo ya mchanga pembeni, watoto mbali. Washa tochi ya gesi, rekodi mara nne kwa sekunde maana kile kibao hakiendi haraka zaidi ya hapo. Ya milimita 3 itaanza kupanda ndani ya sekunde 15 hivi, ya milimita 6 karibu dakika moja, sababu kina kikiongezeka mara mbili muda unaongezeka mara nne. Ikipita nyuzi 1,000 kibao kinafika mwisho wake, acha. Ukimaliza kata mbao katikati na msumeno, utaona tabaka: mkaa mweusi juu, kahawia katikati, mbao nzima chini. Pima unene wa mkaa, linganisha na termokapo. Ndo hichohicho walichofanya kwenye Stardust, walitoboa vipande vya ngao kama unavyotoboa papai kuangalia kama limeiva, wakapima imelika kiasi gani na mkaa umeingia mpaka wapi. Ganda la kapsuli lenyewe leo liko makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Udanganyifu wa shahidi huyu: anakupa jumla. Anakwambia joto lote lililoingia, hakwambii vizuri lilikua kali sekunde ipi. Ndo maana unamhitaji yule wa mwanga.

Na ukifunga sensa yoyote, hakikisha imekaa upande wake. Genesis, chombo cha NASA, mwaka 2004 ilirudi na chembe za upepo wa jua, swichi za kuhisi breki ziliwekwa kichwa chini miguu juu, hazikuhisi kitu, parachuti halikufunguka, ikajipigiza kwenye udongo wa Utah. Mshale mmoja uliogeuzwa kwenye mchoro.

Shahidi wa tatu: sauti

OSIRIS-REx iliingia saa 2:42 asubuhi kwa saa za Utah, jua limeshatoka, ikagusa chini saa 2:52. Mwanga wa mchana unaua ule mwanga hafifu wa rangi, na huwezi kumwambia jua lisubiri. Kwaiyo watafiti wa Marekani, wakiwemo wa maabara za Sandia na Los Alamos, walitandaza sensa zaidi ya 400 chini ya njia yake, nyingi upande wa Eureka jimbo la Nevada, karibu chini ya pale joto linapokua kali zaidi. Kuna maikrofoni za sauti nzito ambazo sikio halisikii, kuna vipima tetemeko, na kuna nyaya za faiba zilezile za intaneti ambazo zinatikisika kidogo wimbi likipita na mwanga ndani yake unaonyesha.

Sauti kutoka kilomita 60 inatembea kama mita 300 kwa sekunde, inakufikia baada ya dakika tatu na ushee. Usizime rekoda mapema. Inakwambia wimbi la mshtuko lilikua na nguvu gani na lilitoka kimo kipi, yaani kasi na breki. Nyuzi joto haikwambii hata moja. Unachofanya ni kuchukua kasi na kimo kutoka kwenye sauti, unavirudisha kwenye ile fomula ya juu, unaona kama wati zinafanana na ulizopata kwenye mwanga au kwenye mkaa. Zikipishana mpaka moja ikawa mara mbili ya nyingine, rudi kwenye kalibresheni kwanza kabla hujalaumu fomula.

Mazoezi kabla ya ile ya kweli

China walirusha Tianwen-2 Mei 2025 kwenda kwenye kijiasteroidi kinaitwa Kamoʻoalewa, na kapsuli yake inategemewa kurudi 2027. Hata kama hautakua kule, hesabu unaweza kuifanya wakishatangaza kasi ya kuingilia na umbo, alafu unalinganisha na watakachochapisha.

Kwa kamera fanyia mazoezi vimondo vya Geminidi, kilele chake usiku wa 13 kuamkia 14 Disemba, na sisi wa Afrika Mashariki tunaviona vizuri kabisa kuanzia kama saa 4 usiku mpaka alfajiri. Vinaingia kwa kilomita 35 kwa sekunde, kasi karibu mara tatu ya kapsuli, kwaiyo ukiweza kushika spektra (rangi zilizotawanywa) ya Geminidi bila kuunguza pikseli, kapsuli haitakushinda. Kamera mbili, ya pili imeshushwa mara nane, kichujio cha njano kwenye moja, gratingi ikatishe mwelekeo, enajisava na balbu ya gari zipigwe picha saa 3 usiku na zipigwe tena alfajiri kabla hujafungua chochote. Ukipata mstari wa 589 kwenye kimondo hata kimoja na ukakaa kwenye pikseli uliyotegemea, mtambo wako uko tayari.